Pumzi ya Twiga Stars Ianzie Kwenye Damu

Baada ya fainali za Afrika za mwaka 2010, Twiga Stars walisubiri hadi Julai 2025 kurudi, safari hii nchini Morocco. Walitoka sare 1–1 na Afrika Kusini, bingwa mtetezi, wakafungwa na Mali na Ghana.

Timu ya wanawake inapozidiwa, husemwa upesi kuwa wachezaji hawana mazoezi. Pengine ni kweli. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, na wachezaji hutoka miongoni mwao. Hedhi hupunguza madini ya chuma kila mwezi, na akiba yake huweza kuisha kabla wingi wa damu haujashuka: mchezaji huchoka, majibu ya maabara yakisema yu mzima. Kwa hiyo feritini nayo ipimwe, tena kuanzia timu za vijana. Chai, hata ipendwe vipi, isiambatane na mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Na binti anayemweleza kocha kwamba hedhi yake ni nzito apelekwe kliniki, asikaripiwe.