Macho Yakiwa Manjano, Usikimbilie Vidonge

Mpenzi msomaji, wewe uliye Nairobi au Mombasa na ambaye hutumiwa gunia la mahindi kutoka nyumbani Kitui au Makueni, leo nazungumza nawe.

Mwaka wa 2004 watu wa sehemu hizo na jirani zake waliugua ghafla: tumbo likauma, wakatapika, macho yakawa manjano. Kufikia Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu, yakaota ukungu utoao sumu ya aflatoksini, ambayo siku hizi huitwa pia sumukuvu. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos, wagonjwa 12 kati ya 20 waliolazwa walikufa. Hata mbwa walikufa.

Utaniuliza, daktari, dawa yake ni ipi? Hakuna. Sumu ikishaharibu ini, sisi humwekea mgonjwa maji, tukapima sukari, tukazuia damu isivuje, na kungoja ini lijiponye lenyewe. Watafiti wamejaribu hapa Kenya unga wa udongo maalumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kuwa hupunguza sumu inayoingia mwilini. Hiyo ni kinga, si tiba ya ini lililokwisha kuumia.

Ndiyo maana sikubaliani na madaktari wenzangu wanaodhani kazi ya mfamasia ni kuhesabu tembe tu. Mgonjwa huyu hafiki kwangu kwanza. Huenda kwenye duka la dawa, akasema ana homa na anatapika, akauziwa dawa ya malaria na paracetamol. Paracetamol ikizidi kipimo huumiza ini, na hili tayari limelemewa.

Mfamasia mzuri atakutazama macho. Atakuuliza mnakula mahindi gani, na kama kuna mwingine nyumbani anayeumwa. Kisha atakataa kukuuzia na kukutuma hospitali siku hiyo hiyo. (Wateja hukasirika sana, najua, wengine huvuka barabara wakanunua kwingine.) Akiona wawili watatu wa kijiji kimoja, ampigie simu afisa wa afya ya umma kabla ya kufunga duka. Huenda yeye ndiye wa kwanza kuuona mlipuko.

Muulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mwaka ule wa 2004, waliougua walipatikana na virusi hivyo zaidi ya majirani wao wazima. Watoto wetu huchanjwa tangu 2001, lakini wewe na mimi tulizaliwa mapema mno.

Na lile gunia? Likiwa na ukungu, kupika hakuondoi sumu. Usimpe ng'ombe pia, maana itakurudia katika maziwa.