Mtambo umekataa: nani mtendaji?

Katika mji wa Griftu, magharibi ya Wajir, mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kuniuliza swali ambalo sijalisahau. Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa amefuzu mtihani wa kidato cha nne, akaenda kuomba kitambulisho, akarudi mikono mitupu. Alipotaka kujua sababu, jibu lilikuwa moja: "Mtambo umekataa." Basi mwalimu akanitazama, akasema: "Daktari, wewe ni mtu wa lugha. Katika sentensi hiyo, mtendaji ni nani?"

Kisarufi, mtendaji ni mtambo. Lakini mtambo haukatai wala haukubali. Kazi yake ni kutekeleza kanuni aliyoitunga binadamu, na kanuni hiyo ni sentensi ya masharti kama zile tunazozifundisha kwa kiambishi -ki-: "Alama za vidole vyake zikionekana katika daftari la wakimbizi, asipewe kitambulisho."

Sentensi hiyo fupi ina historia ndefu. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991. Nyakati za ukame, raia wengi wa Kenya kutoka kaunti za kaskazini mashariki walijiandikisha humo ili wapate chakula na matibabu. Baadhi yao walikuwa watoto waliopelekwa na wazazi wao. Watoto hao walipotimiza umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, alama za vidole vyao zilikutwa katika daftari la wakimbizi. Neno "mkimbizi", ambalo kwa mama mwenye njaa lilikuwa njia ya kupata mgao wa unga, likageuka kuwa hukumu juu ya uraia wa mwanawe. Hapo ndipo ilipo kasoro. Kanuni imechanganya kuwamo katika orodha na kuwa raia, ilhali kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 hutazama uraia wa wazazi, hakitazami foleni ya chakula.

Wataalamu wa programu za mashirika makubwa wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Chukua mfano ulio karibu na walimu: mwanafunzi asipopata alama ya C+ haruhusiwi kusomea shahada. Ikiwa kanuni hiyo imetawanywa ndani ya programu mahali kumi, siku itakapobadilishwa mahali tisa patarekebishwa na pa kumi patasahaulika. Kwa hiyo wataalamu hushauri kanuni zitengwe na programu, ziwekwe mahali pamoja kwa lugha inayosomeka, na kila moja ioneshe nani aliyeitoa, lini, na kwa sheria gani.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani kilibuni MYCIN, programu ya kuwashauri madaktari juu ya maambukizi ya bakteria. Mamia ya kanuni zake yaliandikwa kando ya sehemu iliyofanya hesabu. Daktari alipoiuliza kwa nini, ilimwonesha kanuni iliyokuwa ikiifuata. Miaka hamsini baadaye, je, kijana wa Griftu hastahili jibu la namna hiyo?

Wapo watakaosema kwamba kanuni zikiwekwa wazi, maadui watajua jinsi ya kuzikwepa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na sisi tunaofundisha vyuoni hatuwezi kuwasahau. Hata hivyo, siri ya namna ya kumnasa mhalifu ni kitu kimoja, na sababu ya kumnyima mtu haki yake ni kitu kingine. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa anayeathirika haki ya kupewa sababu kwa maandishi. "Mtambo umekataa" si sababu.

Wenyeji wa huko wamepimwa uraia wao kwa njia nyingi, tangu msako wa mwaka 1989 uliowalazimu Wakenya Wasomali kuthibitisha kwamba ni raia. Tarehe 5 Februari 2025, Rais William Ruto alitia sahihi mjini Wajir tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Ilikuwa hatua njema. Lakini tangazo husomwa na watu. Mtambo hausikilizi hotuba. Kanuni iliyoandikwa ndani yake hubaki pale pale mpaka mtu aifungue na kuiandika upya. Anayetaka kujua kama neno la Wajir limefika mtamboni hana budi kuruhusiwa kuzisoma kanuni zenyewe.

Walimu wenzangu, tufundishapo sentensi za masharti, tusiishie kwenye mvua ikinyesha na mkulima akipanda. Tuwape wanafunzi kanuni zinazoamua mikopo yao, nafasi zao vyuoni na vitambulisho vyao, kisha tuwatake waulize: sharti hili limewekwa na nani, na je, linathibitisha kile linachodai kuthibitisha?

Na kwa mwalimu wa Griftu, jibu langu ni hili: mtendaji yupo. Ameachwa nje ya sentensi, na ni haki ya mwanafunzi wako kuoneshwa jina la ofisi yake na sahihi yake.