Nyota Watatu na Mfuko Mmoja

Jumapili iliyopita mpwa wangu asomaye kidato cha tatu alinijia na daftari lake la hesabu. Nilidhani ameshindwa na zoezi. Kumbe ukurasa wa nyuma alikuwa ameorodhesha wachezaji watano wa mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani, kila mmoja nyota asiyehitaji kutambulishwa. "Mjomba," akaniuliza, "timu hii nani ataifunga?" Nami nikamwuliza nani atakayewalipa. Akacheka sana. "Kwani matajiri wale hawana fedha?"

Fedha wanazo. Lakini ligi ile ina sheria ambayo mtu aishiye kwa mshahara ataielewa upesi kuliko shabiki wa kawaida. Kila msimu hutangazwa kikomo cha jumla ya mishahara. Katika msimu wa 2012-13 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 58 hivi. Timu iliruhusiwa kukivuka ili kubaki na wachezaji wake yenyewe, lakini juu yake palikuwa na mstari wa pili, dola milioni 70 na ushei, na aliyeuvuka huo alitozwa kodi. Zamani kodi hiyo ilikuwa dola moja kwa kila dola iliyozidi. Mapatano ya mwaka 2011 yakaigeuza: kuanzia msimu wa 2013-14 ikawa inapanda kwa ngazi, dola moja na nusu, kisha zaidi, kadiri timu izidivyo kuuacha mstari. Na majina ya kulipwa hayakomi kwenye watano walio uwanjani, kwa kuwa timu hubeba hadi wachezaji 15, na wa kumi na tano naye hula.

Basi natuende Oklahoma City, mji usio mkubwa kwa kipimo cha nchi ile, ambao ulipata timu mwaka 2008 ilipohamishwa kutoka Seattle. Meneja wake mkuu, Sam Presti, hakununua nyota, aliwaotesha. Katika uteuzi wa vijana wapya alimpata Kevin Durant mwaka 2007, Russell Westbrook na Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, mwaka 2008, na James Harden mwaka 2009. Kijana mchanga hulipwa kidogo kwa miaka yake ya mwanzo, kwa hiyo kwa muda timu ile ilikula pilau kwa bei ya ugali. Mwaka 2012 ikafika fainali. Ilifungwa na Miami Heat michezo minne kwa mmoja, na Harden hakung'ara hata kidogo; lakini mkubwa wao alikuwa na miaka 23 tu, na kila mtu alisema watarudi.

Hawakurudi pamoja. Durant na Westbrook walikwisha kutia saini mikataba minono. Agosti 2012 Ibaka naye akapewa dola zipatazo milioni 48 kwa miaka minne. Ikabaki zamu ya Harden, ambaye msimu ule alikuwa ametunukiwa kuwa mchezaji bora wa akiba katika ligi nzima. Magazeti yalitaja kuwa timu ilimwahidi kama dola milioni 54 au 55 kwa miaka minne, na mwenyewe alitaka kiwango cha juu kabisa, karibu milioni 60. Hawakukubaliana. Tarehe 27 Oktoba, siku chache kabla ya msimu kuanza, Harden akapelekwa Houston, na Oklahoma City ikapokea wachezaji wawili pamoja na haki za kuteua vijana miaka ya mbele. Houston ilimpa mkataba wa dola zipatazo milioni 80 kwa miaka mitano, naye katika mchezo wake wa kwanza akafunga pointi 37.

Wengi walimlaani Presti, na hata leo wapo wamlaanio. Durant alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2014, Westbrook mwaka 2017, Harden mwaka 2018. Timu moja ilikuwa na wote watatu, ikawaachanisha kwa tofauti ya milioni tano au sita! Mimi nakiri kuwa zamani nilikuwa miongoni mwa walaani. Lakini ukilihesabu jambo lenyewe utaona kuwa milioni tano zile hazikusimama peke yake. Juu ya mstari wa kodi kila dola ya Harden ingezaa dola nyingine za kutozwa, mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo sidhani hesabu hiyo inamsafisha Presti kabisa. Angeweza kulipa mwaka mmoja, akajaribu tena, kisha akauza. Msimu uliofuata Westbrook aliumia goti Aprili 2013, tena katika mchujo dhidi ya hao hao Houston, na hapakuwa na mtu wa kuushika mpira badala yake. Duru iliyofuata wakatolewa na Memphis. Mwaka 2016 Durant naye akaenda zake Golden State, akatwaa ubingwa huko mara mbili.

Waliowafunga mwaka 2012 walijengwa kwa njia nyingine kabisa. Katika kiangazi cha 2010 LeBron James na Chris Bosh walijiunga na Dwyane Wade mjini Miami, na wote watatu wakakubali kupungukiwa mshahara ili zibaki fedha za wengine. Yafaa tuseme wazi kuwa aliyepungukiwa milioni mbili katika kumi na sita hakulala na njaa. Lakini fedha zile ndizo zilizombakiza Udonis Haslem na kumleta Mike Miller. Msimu wa kwanza walishindwa na Dallas katika fainali, kwa sababu mpira ni mmoja, sekunde za kushambulia ni 24, na watu wawili waliozoea kuamua wenyewe walikuwa wakipishana kama wageni mlangoni. Bosh ndiye aliyebadilika zaidi: akahamia katikati, akapigana na watu wakubwa kuliko yeye, akapunguza kufunga. Na ushindi ulipokuja, tazama ulikotokea. Katika mchezo wa mwisho wa 2012 Miller, mgongo ukimuuma, alitumbukiza mitupo saba ya pointi tatu. Katika mchezo wa sita wa 2013, kombe likiwa karibu kukabidhiwa San Antonio, Bosh aliudaka mpira uliokosa kikapu, akampa Ray Allen pembeni, naye Allen akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde tano. Allen alikuwa mchezaji wa akiba.

Hapo ndipo nilipomkumbusha mpwa wangu juu ya mtu wetu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliteuliwa wa pili katika uteuzi wa 2009, nafasi moja mbele ya Harden na tano mbele ya Stephen Curry. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile, na alianzia Memphis. Julai 2012 akatia saini Oklahoma City. Kwa hiyo kwa miezi michache wa pili na wa tatu wa uteuzi ule walikuwa chini ya paa moja, mmoja akigombewa kwa mamilioni, mwingine akiwa ni yule mchezaji wa bei nafuu ambaye timu yenye nyota lazima imtafute. Harden aliondoka, Thabeet akabaki, akacheza dakika kama 12 kwa mchezo. Moja ya haki zilizotoka Houston ilimleta Steven Adams wa New Zealand mwaka 2013, kijana mrefu, na nafasi za Thabeet zikapungua mara moja.

Oklahoma City ilipata ubingwa mwaka 2025, Presti akiwa bado meneja, kwa nyota wapya watatu: Shai Gilgeous-Alexander, Jalen Williams na Chet Holmgren. Mwezi uliofuata wote watatu walipewa mikataba mipya, jumla yake ikatajwa kuweza kupita dola milioni 800. Sheria za 2023 ni kali kuliko zile za 2011, kwani timu ivukayo mstari wa juu hunyimwa hata baadhi ya njia za kubadilishana wachezaji. Safari hii Presti alitia saini zote.

Mpwa wangu alifuta majina mawili, akaanza kuandika ya akiba. Alipofika la kumi na tano akanitazama. Nikamwambia amwandike Thabeet. Aliguna, lakini akaandika.