Mimi si Nesi Wenu wa Bei ya Chini

Wasee, leo naongea na nyinyi wenye shosho, guka ama mzazi mgonjwa nyumbani na mmemtafutia mtu wa kumwangalia. Na wale mnafanya hiyo kazi, msitoke bado, kuna yenu huko mbele.

Nimefanya kazi ya kutunza wagonjwa nyumbani, ile watu wanaita "caregiver". Nilisoma kozi ya miezi sita, nikapata cheti, ajenti akanipeleka nyumba moja hapa Nairobi, kazi ya kulala huko huko. Mgonjwa alikuwa shosho aliyepata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu, na juu ya hiyo ana sukari. Mshahara elfu 18. Shosho mwenyewe alikuwa mtu poa sana, ingawa kila asubuhi alinidanganya ati ashameza dawa.

Ijumaa moja usiku, nesi wa kliniki ya karibu aliyekuwa akija kumdunga insulini alikwama kwa mvua. Nikampima shosho sukari, ikasoma 4.1. Na alikuwa amekataa chakula, vijiko viwili vya uji akafunga mdomo. Binti yake ako Marekani, ndiye anatuma pesa, akapiga simu ya video. "Insulini iko kwa friji, sindano ziko kwa droo. Dunga." Nikamwambia, Auntie, mimi sijafunzwa kudunga, tena sukari iko chini na hajakula. Akaniangalia kwa hiyo skrini kama mtu ameibiwa. "Sasa wewe ni caregiver wa nini?"

Matusi nimezoea. Kilichoniuma ni kwamba huyu mama, huko Marekani, ni msaidizi wa nesi kwa nyumba ya wazee. Wiki yangu ya kwanza alikuwa ameniambia mwenyewe, na maringo kidogo, vile kazini kwake hawezi gusa sindano ya mgonjwa. Hiyo ni ya nesi, na akiigusa anafutwa siku hiyo hiyo.

Na hakuwa anatunga. Marekani walipitisha sheria mwaka 1987 kuhusu nyumba za wazee zinazolipwa na mipango ya afya ya serikali. Msaidizi wa nesi huko lazima apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na ndani ya hizo, angalau saa 16 ni za vitendo akisimamiwa. Halafu anapimwa, na jina lake linaingia kwa rejista. Saa 75 si nyingi, kozi yangu ilikuwa ndefu kuliko hiyo. Tofauti ni kwamba huko yeye anajua mpaka wake, nesi anaujua, na bosi anaujua. Lakini simu ikiwa ni ya Nairobi, na mgonjwa ni mamake mzazi, mpaka umepotea. Manze, mgonjwa wa Mzungu analindwa, wa kwako unampea msichana ambaye hajawahi kushika sindano?

Nilipigia nesi. Akasema nisidunge kitu, nimbembeleze shosho anywe uji, nimpime tena baada ya nusu saa, na akianza kuchanganyikiwa ama kutoa jasho baridi tukimbie hospitali. Akakunywa. Tukaamka salama. Insulini kazi yake ni kushusha sukari. Ukimpa mtu ambaye sukari ishashuka na tumbo ni tupu, anaweza kupoteza fahamu hapo kitandani na wewe unasema, aah, leo amelala vizuri.

Wiki mbili baadaye ajenti akanipigia, ati familia imepata mtu "anayejua kila kitu". Na huyo anayejua kila kitu analipwa elfu 15.

Najua mtasema watu wengi wanadunga wazazi wao nyumbani na hawajaenda chuo. Kweli kabisa. Ukiuliza, utakuta nesi aliwakalisha chini, akawaonyesha mara ya kwanza, mara ya pili wakafanya akiwaangalia, wakapewa karatasi ya vipimo, na wanajua wampigie nani kukiharibika. Mkitaka mtunzaji afanye hivyo, mleteni nesi amfunze hivyo, na huyo nesi aseme, nimeridhika na huyu. Mimi sikukataa kujifunza. Nilikataa kufunzwa kwa simu, saa nne usiku, na mtu ambaye mwenyewe hana ruhusa ya kudunga.

Tena mkumbuke Kenya nesi si mtu yeyote amevaa nguo za bluu. Kuna Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, na kuna Baraza la Wauguzi linalosajili. Nesi ana leseni, na akikosea kuna pahali pa kumshtaki. Mimi nikikosea, mnanishtaki wapi? Kwa ajenti ambaye ofisi yake ni simu?

Halafu kuna upande wa pili wa hii upuzi. Mchana ukifika, ule ule mtu mliyemtaka awe nesi anageuka kuwa mfanyakazi wa nyumba nzima. Nikifua mashuka ya shosho, hiyo ni kazi yangu. Nikimpikia uji wake, nikipanguza chumba chake, ni kazi yangu. Lakini longi za jinzi za kijana wa miaka 22 anayeshinda akicheza gemu? Chapati za wageni 12 Jumapili? Na sidharau kazi ya nyumba, mamangu ametulea na hiyo kazi. Nasema hizo ni kazi mbili, na zinataka watu wawili ama mshahara wa watu wawili. Mtu aliyelala kitandani hawezi kujigeuza, kwa hivyo anafaa kugeuzwa kama kila saa mbili ndiyo asipate vidonda mgongoni, kwa matako na kwa visigino. Nikiwa jikoni nasukuma chapati ya 40, nani anamgeuza shosho?

Na hapa ndipo watu hukosea zaidi, wanadhani ukitoa sindano na kufua, kazi ya mtunzaji imebaki kukaa na kuangalia TV. Bana. Jaribu kumvalisha mtu wa kiharusi sweta. Unaanza na mkono ulio dhaifu, ukivua unaanza na ule mzima. Ukimwinua kwa kuvuta huo mkono dhaifu unaweza kumtegua bega na asipone haraka. Kumlisha, anakaa wima, vijiko vidogo, unangoja ameze, unaangalia kama chakula kimebaki kwa shavu, na akimaliza halazwi papo hapo, la sivyo chakula kinaingia kwa mapafu. Mfuko wa mkojo unautoa ukijaa, unaandika kiasi na rangi, na hauinuliwi juu ya kibofu. Kutia huo mrija ama kuubadilisha, hapana, huyo ni nesi ama daktari. Mrija wa puani wa kulishia ukichomoka, hata kama mgonjwa analia njaa, hauurudishi, kwa sababu unaweza kuupeleka kwa njia ya hewa.

Na kazi kubwa kushinda zote ni macho. Mimi ndiye niliona alama nyekundu kwa kisigino cha shosho ambayo haipotei ukiibonyeza. Nikapiga picha, nikampigia nesi, tukainua mguu na mto, kidonda hakikutokea. Hakuna mtu alisema asante kwa kidonda ambacho hakikutokea, na sawa tu, lakini hiyo ndiyo kazi mlinilipia.

Sasa nyinyi wenzangu. Wengi wetu tumeingia hii kozi tukiota Uingereza, Marekani, Ujerumani. Vyuo vinajua, ndiyo maana bango lina ndege kuliko kitanda cha mgonjwa. Lakini tunajiharibia. Unaingia TikTok na skrabu na stethoskopu shingoni, watu kwa komenti wanakuita nesi, na wewe unajibu na moyo. Mama mwenye nyumba akikuuliza unajua kudunga, unasema najua, juu ukisema hujui kuna msichana mwingine kwa laini. Nimeelewa njaa. Mimi pia nilikaa miezi mitatu bila kazi baada ya hapo, nikila kwa dadangu. Lakini kila "najua" ya uongo inapandisha kile familia zinatarajia kwa yule atakayekuja baada yako, na siku moja itakukuta na shosho hapumui na simu ya video bado inaendelea.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa miezi mitatu na zaidi uwe umeandikwa, na mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba. Kwa ile nyumba sikuwa na mkataba wala hiyo siku. Ningekuwa na karatasi moja tu imebandikwa kwa friji, hizi ni zangu, hizi ni za nesi, hizi ni za familia, ile Ijumaa hatungegombana.

Juzi nilienda kuhojiwa kwa nyumba nyingine, Thika Road. Mzee ana kiharusi pia. Mama wa hapo akaniuliza swali la kwanza, "Unajua kudunga?" Nikasema hapana. Akashangaa. "Sasa unajua nini?" Nikamwomba nimwone mzee. Alikuwa amekaa kwa kiti, ameegemea upande mmoja, mkono wake dhaifu unaning'inia kama taulo. Nikauinua polepole nikauwekea mto chini, nikamsogeza akakaa sawa. Mzee akasema kitu, sikukishika vizuri. Mkewe akasema hiyo ni mara ya kwanza ameongea tangu asubuhi.

Nikamwachia orodha yangu ya kile nafanya na kile sifanyi. Alisema atapiga Jumatatu.