Usinunue Gudulia Lisilo na Jina

UWANI
Na Zuhura Kilindo

Majira ya kuchipua yakiingia, maduka ya bustani huku North Carolina hupanga rafu za mbele vikopo vya mimea inayokula wadudu. Kibandiko kinasema "mmea mla nyama", chini yake bei, basi. Aina gani haisemwi, ulikuzwa wapi haisemwi. Ushauri wangu kwa ndugu zangu mnaotaka kutengeneza kinamasi kidogo nyuma ya nyumba ni huu: kikopo kisicho na jina kiacheni palepale kilipo.

Kuna sababu ya kushikilia jambo hili. Yapo magudulia ya koo mbili yanayouzwa pamoja, na mahitaji yao hayapatani hata kidogo. La kwanza ni Nepenthes, la Asia ya Kusini-Mashariki, Madagascar na Shelisheli. Hilo gudulia lake linaning'inia kwenye ncha ya jani, na usiku mmoja wa barafu unatosha kuliua. La pili ni Sarracenia, mwenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Hapa jani lenyewe ndilo gudulia. Linachomoza kutoka kwenye tunguu lililolala ardhini na kusimama wima. Hili linaitaka baridi. Linahitaji miezi mitatu minne ya kulala, na ukilifungia sebuleni penye hita mwaka mzima linakwisha taratibu huku ukidhani unalitunza. Angalia tu gudulia limeshikana wapi na mmea, utajua ni lipi la kuweka nje.

Kinamasi cha uwani ni cha Sarracenia. Wataalamu wengi huhesabu spishi nane, wengine zaidi, na karibu zote ni za kusini-mashariki mwa Marekani, kwenye nyanda zenye maji za misonobari. Moja tu, Sarracenia purpurea, ndiyo imesambaa mbali mpaka Kanada, na Newfoundland na Labrador wameifanya ua la jimbo lao.

Purpurea huwezi kuikosea. Magudulia yake ni mafupi na manene, yamejilaza duara, na kifuniko kimesimama wazi kama vile kinaikaribisha mvua. Na kweli kinaikaribisha: ndani mna maji ya mvua, na sehemu kubwa ya kazi ya kumvunjavunja mdudu hufanywa na bakteria na viumbe wadogo wanaoishi humo. Yupo mbu, Wyeomyia smithii, ambaye viluwiluwi wake hawakui kwingine ila ndani ya gudulia hilo. Jirani akilalamika kwamba kinamasi chako kitazalisha mbu, mwonyeshe kwamba maji ya kinamasi yamo ndani ya udongo, hayajatuama juu yake.

Ninayoipenda kupita zote ni Sarracenia minor. Kifuniko chake kimeinama mbele na kufunika mdomo, hata ndani panatakiwa kuwe giza. Lakini chunguza mgongo wa gudulia, upande wa juu: kuna madoa meupe yasiyo na rangi ya kijani, nayo yanapitisha mwanga. Mdudu aliyefuata utamu mdomoni anaingia, anatafuta pa kutokea, anaelekea kwenye mwanga, anagonga ukuta, anaanguka. Chini kuta zinateleza, na chini zaidi kuna vinywele vilivyoelekea kushuka. Mwisho wa msimu chukua gudulia lililokauka ulipasue kwa wembe kutoka juu mpaka chini. Utakuta mabawa, miguu na vichwa vya sisimizi vimeshindiliwa, sisimizi juu ya sisimizi, wote wamekwisha nyonywa. Hakuna kitabu kitakachokufundisha mmea huu vizuri kama gudulia hilo moja.

Nyingine nizitaje kwa haraka. Leucophylla ni ndefu, sehemu ya juu nyeupe yenye mishipa myekundu au ya kijani, na uzuri wake hufika kileleni mwisho wa kiangazi. Psittacina imelala chini kabisa na haiogopi kufurikwa. Flava ni ya manjano, mara nyingi ina doa jekundu kooni, na ua lake linanuka mkojo wa paka. Ikiwa flava na oreophila zinakuchanganya, ngoja majani bapa yasiyo na mtego: ya flava hunyooka, ya oreophila ni mafupi na yamepinda. Ugumu uko kwenye machotara. Spishi hizi huzaana zenyewe kwa zenyewe bila kizuizi, na chotara anaweza kubeba sura ya mama, rangi ya baba na kimo cha babu. Mkulima mwaminifu atakuandikia "chotara", wala si aibu.

Ujenzi wenyewe si mgumu. Chimba kama sentimita 45, mahali penye jua la saa sita au zaidi. Tandika mpira mzito wa mabwawa, kisha utoboe matundu pembeni, sentimita 10 hivi chini ya usawa wa ardhi, ili mvua kubwa isigeuze kinamasi kuwa dimbwi. Jaza piti, ile mimea ya kinamasi iliyooza nusu, pamoja na mchanga wa silika uliooshwa, nusu kwa nusu. Mchanga wa pwani usiuguse. Una chumvi na vipande vya kome, yaani chokaa tupu. Piti kavu hukataa maji, kwa hiyo iloweshe na kuikandakanda kwanza mpaka ukiikamua itoe matone.

Maji ni ya mvua. Watu hukinga maji ya bomba kwenye ndoo, wakayalaza usiku kucha, wakaona yameshatakata. Klorini inaweza kuondoka; chokaa na chumvi zimebaki, na zinaongezeka udongoni kila unapomwagilia. Weka pipa chini ya mfereji wa paa.

Hapa ndipo sisi tuliolelewa shambani tunapopata taabu. Tumefundishwa kwamba mmea uliopauka unalilia samadi. Huu ukiupa samadi, mbolea ya chumvichumvi au hata mboji ya jikoni, umeuunguza mizizi. Ulijifunza kula wadudu kwa sababu umezaliwa kwenye ardhi isiyo na naitrojeni wala fosforasi ya kutosha, na mizizi yake haijui neema. Vipande vya nyama navyo viacheni. Vinaoza na kuozesha gudulia. Nje wadudu watakuja wenyewe.

Sasa nirudi kwenye lile la jina. Vinamasi vya asili vimekaushwa kwa kilimo na kupanda misonobari ya mbao, na pale vilipobaki moto umezuiwa. Bila moto wa mara kwa mara vichaka hukua na kuyanyima magudulia jua. Oreophila imo kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini tangu 1979, na imesalia sehemu chache za Alabama, Georgia na North Carolina. Wezi nao bado wanachimba. Jimbo hili lilibadili sheria, na tangu Desemba 2014 kuiba mmea mwingine mla wadudu wa hapa, Dionaea, kutoka porini katika kaunti zake za asili ni kosa kubwa la jinai. Magudulia nayo yote yamo kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini. Mmea wenye jina na kitalu chake unaweza kuulizwa ulitoka wapi. Usio na jina hauna wa kuujibia. Kila anayeununua anampa mchimbaji sababu ya kurudi kinamasini.

Kwa hiyo muulize muuzaji: mmea huu umetokana na mbegu, na kugawanya tunguu, au na maabara? Asipojua, nenda kwenye kitalu cha wakuzaji wa mimea hii. Wanajua, na wanapenda kuulizwa. Ukifika nyumbani andika kibao: jina, kitalu, mwaka. Tumia penseli, maana wino hufutwa na jua kabla ya msimu kwisha. Februari inapoisha, kabla vikonyo vya maua havijapanda, kata magudulia yote makavu usawa wa tunguu, na uhakikishe kila kibao bado kimesimama kando ya mmea wake.