Usiache Mbachao

Huenda ndugu msomaji akashangaa kuniona mimi, mtoto wa chuoni niliyelelewa kwa juzuu na ubao, leo nikiandika habari za kanisa. Sizungumzi itikadi. Nazungumza mawe na chokaa, na namna watu wanavyoitunza nyumba ya ibada waliyorithi.

Kanisa lenyewe laitwa Saint-Séverin, nalo liko Paris, kusini ya mto Seine, katika mtaa wa wanafunzi wa tangu kale. Si kanisa la kiti cha askofu. Hilo ni Notre-Dame, lililo karibu. Saint-Séverin ni kanisa la parokia, yaani la watu wa mtaa, kama vile sisi tulivyo na misikiti ya mitaa yetu.

Jengo lililopo lilianzwa katika karne ya 13. Mwaka 1448 likashikwa na moto. Hapa ndipo pa kuzingatiwa. Watu wa mtaa hawakufagia yote wakaanza upya. Matao ya mwanzo yaliyosalimika waliyaacha yalivyo, wakaendelea kujenga kuanzia hapo. Ukiingia leo kutoka magharibi, kwanza wapita kwenye nguzo za karne ya 13, zilizovishwa vilemba vya mawe ya kuchongwa. Kisha wafikia za karne ya 15, zisizo vilemba, zipandazo moja kwa moja hadi kwenye tao. Wajenzi wa zama mbili wamekaa safu moja, wala hawagombani.

Mwisho wa karne hiyo ya 15 waashi wakasimamisha, nyuma ya madhabahu, nguzo iliyosokotwa kama kamba. Juu yake mbavu za mawe zatawanyika darini. Wenyewe huifananisha na mtende. Mtu wa pwani ataona mnazi na makuti yake.

Na matao yale yenye ncha si mageni kwetu Waislamu. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Kairo, uliomalizika mwaka 879, una matao ya ncha, na Saint-Séverin hii ilikuwa bado karne kadhaa kujengwa. Ufundi hausimami mpakani kuuliza dini ya mtu.

Sisemi kwamba wale hawakukosea. Katika karne ya 17 mwana wa ukoo wa kifalme, Duchesse de Montpensier, alitoa mali yake kulipamba kanisa. Nguzo zilizozunguka madhabahu zikavikwa marmar, na matao ya ncha yakageuzwa ya duara kwa kufuata mtindo wa siku zile. Nia ilikuwa njema na mali ilikuwa nyingi, lakini tao la kale likapotea machoni. Mfadhili naye hufaa aambiwe, kwa adabu, pa kukomea.

Yaliyofuata yalikuwa ya busara zaidi. Kanisa jingine la mji huo, Saint-Pierre-aux-Bœufs, lilipobomolewa mwaka 1837, mlango wake wa mawe wa karne ya 13 uliokolewa ukaja kupachikwa Saint-Séverin. Na karne ya 20 ilipotaka kuweka alama yake, iliweka vioo vya rangi vya Jean Bazaine, visivyo na sura ya mtu, pasipo kung'oa nguzo hata moja.

Sasa turudi nyumbani. Katika karne ile ile ya 15, watu wa Paris walipokuwa wakilitengeneza kanisa lao, wazee wetu wa Gede walikuwa na msikiti wao wa ijumaa, wa mawe, wenye mihrabu ya tao la ncha. Mji wa Gede ulihamwa, msikiti ukabaki gofu. Hilo ni la kudura. Lakini yako magofu tunayoyafanya wenyewe. Nimeona kwa macho yangu mihrabu ya matumbawe, kazi ya mkono wa fundi asiyejulikana tena, ikivunjwa kwa sururu asubuhi moja, vipande vikajazwa msingi wa jengo jipya. Mfadhili alitaka hivyo, na wazee wakaona haya kumkataza.

Nitaambiwa, ‘Dini si mawe, watu wamezidi na msikiti hautoshi.’ Kweli. Swala ni bora kuliko jengo, na asiyepata nafasi ya kusujudu ana haki ya kudai. Lakini kupanua si kubomoa. Ukuta wa kando waweza kusogezwa, na mihrabu ya kale ikabaki mahali pake au ikahamishwa kwa heshima, kama ule mlango ulivyohamishwa. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi, enyi wazee wa misikiti, kabla hamjampa fundi ruhusa ya kuinua nyundo, pigeni picha, pimeni, andikeni. Kisha mwiteni mwashi mzee ajuaye chokaa, mumwulize swali moja: hapa pana ufa wa kuzibwa, au pana ukuta wa kujengwa?