Nyota Tano Chumbani, Sufuri Mlangoni

Wasee, kabla sijaanza kelele, naomba msamaha. Mwaka jana niliwadanganya.

Kuna hoteli moja hapa tao, Nairobi, ya hawa watu wa suti na mikutano. Jina sitataja, na sababu nitawaambia mwishoni. Walinialika nilale usiku mmoja bure. Chumba bure, msosi bure, mimi niwatolee video mbili. Sasa mimi ni mtu niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikataa kupatikana, na keja yangu ni bedsita ya Zimmerman ambayo maji yanakuja yakijisikia. Mnadhani ningesema nini? Nikarekodi kitanda. Nikarekodi bafu. Nikarekodi taa za jiji usiku kutoka ghorofa ya juu. Nikamalizia kwa sauti ya redio: "Nyota tano kati ya tano. Hapa kila mtu ni mfalme."

Kila mtu. Hayo maneno mawili ndiyo yamenileta hapa leo.

Tuanze na haki yao, ndio msiseme nina chuki. Ile hoteli inajua kazi yake. Mtu amekuja Nairobi kwa mkutano wa asubuhi anahitaji vitu vichache tu: alale, aoge, atume kazi, na afike anakoenda bila kukaa kwenye jam saa mbili. Kitanda kilikuwa poa. Maji moto yalikuja mara moja, na kwa presha. Waifai ilipandisha video yangu yote kabla chai ipoe. Meza ilikuwa na soketi za kutosha na kiti kisichoua mgongo. Dirisha nalo likifungwa, honi za matatu unazisikia kwa mbali kama redio ya jirani. KICC unaenda kwa miguu. Lawama yangu pale ilikuwa moja, ile chai ya kifuko na kajagi ka maziwa kando. Jamani, hii ni Kenya. Chai inachemshwa na maziwa ndani.

Kwa hivyo kama unapima chumba, alama zangu zilikuwa za kweli. Uongo ulianzia mlangoni, kwa sababu siku ile mimi sikuingia mlangoni kama watu. Nililetwa. Dada wa mauzo alinisubiri nje, akanitoa kwa gari, akampungia soja mkono, nikapita nikitabasamu kwa kamera.

Mathe aliona ile video. Mathe wangu anauza mboga Nyahururu, na miaka yote akija Nairobi anabadilisha matatu pale tao na kupita mbele ya hiyo hoteli akiwa amebeba gunia. Akanipigia simu akicheka, akaniambia, "Kumbe ndani kuko hivyo! Siku moja utanipeleka hata chai tu." Nikamwahidi.

Mwezi wa tatu akaja. Nilikuwa nimeweka doo kando, yangu mwenyewe. Mathe alivaa ile sweta yake ya kanisani na kitambaa kichwani, na viatu alivisugua asubuhi mpaka nikamwambia inatosha. Mimi nilikuwa na hudi, mkoba mgongoni, na nywele zangu hizi mnazozijua.

Tukafika. Mbele yetu kulikuwa na Wazungu wawili wenye kaptula na ndala. Ndala, wasee. Soja akawafungulia mlango, akawaamkia kwa Kizungu, wakaingia. Tulipofika sisi, mkono wake ukatokea mbele ya kifua changu.

"Boss, mnaenda kwa nani?"

Nikamwambia hatuendi kwa mtu, tunaenda kunywa chai.

"Mko na miadi?"

Nikamuuliza kama chai siku hizi inahitaji miadi. Akamwangalia mathe, akapunguza sauti. "Mama, simameni hapo kando kidogo tuulize."

Tukasimama kando. Watu wakawa wanapita. Mathe hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alinishika mkono, akaniambia polepole, "Wacha tu, mwanangu. Twende tukanywe kwa kibanda, mimi sina shida." Yaani kwake ilikuwa kawaida. Kuwekwa kando ni kitu alichozoea kiasi kwamba alikuwa na jibu tayari.

Sikukubali. Nilitoa simu nikamwonyesha msimamizi aliyekuja ile video yangu, pamoja na watu walioitazama. Uso wake ukabadilika hapo hapo. "Aaah, ni wewe! Karibuni sana! Mama, karibu sana, pole sana!" Tukapewa meza ya dirishani. Tukaletewa keki ambayo hatukuagiza.

Mathe alikunywa kikombe kimoja. Halafu akaniuliza swali ambalo sijalijibu mpaka leo: "Na kama hungekuwa na hiyo video?"

Hapo ndipo nilijua ile nyota ya tano niliyowapa haikuwa yangu kupeana.

Sikilizeni. Nyota rasmi hapa Kenya zinatolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sawa. Mkaguzi anakuja, anakagua vyumba, jikoni, usalama, huduma. Lakini mkaguzi anakuja akiwa mkaguzi. Mkubwa naye anakuja na gari. Mimi nilikuja kama mtangazaji wa bure. Sisi sote tunapima hoteli ambayo mathe wangu hawezi kuiona. Hoteli yake ilikuwa ni mkono wa soja na neno "kando."

Na msiniambie ni kitu kidogo. Huu mji una historia na milango yake. Wakati wa mkoloni, hoteli kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kubeba mizigo au kufua mashuka. Ile barabara inayopita Chuo Kikuu cha Nairobi na hoteli ya Norfolk inaitwa Harry Thuku, na ina sababu. Tarehe 16 Machi 1922, watu walikusanyika karibu na hapo kudai Thuku aachiliwe kutoka kituo cha polisi. Askari walifyatua risasi, na wanahistoria wameandika kuwa walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walifyatua. Baraza upande huu, watu wa barabarani upande ule. Sisemi hoteli ya leo inaua mtu. Ninasema ule mstari kati ya baraza na barabara ulichorwa kitambo, na kuna watu wanauchora upya kila asubuhi. Siku hizi wanauliza tu, "Mko na miadi?"

Angalieni pia tunavyoishi na hizi hoteli. Miaka mingi "tupatane Hilton" ilikuwa lugha ya kila mtu Nairobi. Lile jengo la mviringo lilifunguliwa 1969 na hoteli ikafungwa mwisho wa 2022, na nawahakikishia wengi waliopatana hapo hawakuwahi kukanyaga ndani. Ambassadeur kwetu ni steji ya matatu. Tunazijua hoteli za tao kwa ukuta wa nje. Tunazitumia kama nguzo ya kusimamia tukingoja mtu.

Sasa najua mtaniambia nini, kwa sababu nilijiambia mimi mwenyewe. Usalama. Na hapo sitacheza. Agosti 7, 1998, bomu liliua zaidi ya watu 200 hapa hapa tao. Januari 15, 2019, magaidi waliingia hoteli ya Dusit pale Riverside, watu 21 wakauawa. Kwa hivyo nikagueni. Fungueni mkoba wangu, nipitisheni kwenye mashine, chukueni kitambulisho, sina neno. Lakini mkague na yule wa kaptula. Upekuzi wa kila mtu ni usalama. Upekuzi wa sweta na kitambaa ni dharau iliyovaa sare. Tena ni upuzi, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya na pesa za kununua suti ameshajua atapitaje.

Wengine watasema hoteli ni mali ya mtu, ana haki ya kuchagua wateja. Hapana. Soma Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010, kiko kwa simu yako bure. Kinataja mambo ambayo huwezi kumbagua mtu kwayo, na kwenye orodha hiyo kuna rangi, umri, asili ya kijamii na, sikiza vizuri, mavazi. Halafu kinasema si serikali pekee inayokatazwa, hata mtu binafsi. Hoteli inaweza kuweka sheria ya mavazi kwa mkahawa wake, iandike mlangoni, imguse kila mtu, na ndala zikatazwe kwa miguu yote. Huwezi kuwa na sheria ambayo inaishi tu kichwani mwa soja.

Na kuhusu huyo soja, tafadhali msimtukane. Ni kijana kama sisi. Inawezekana amepanda matatu moja na mimi. Siku yake ya mapumziko, akija na mathe wake kwa ile hoteli, atasimamishwa na mwenzake vile vile. Hakujitungia ile sura ya mteja. Kuna mtu wa kiyoyozi huko juu alimwonyesha nani apite na nani aulizwe. Mkimfuta soja hamjabadilisha kitu, mmepata tu mkono mwingine.

Kitu kinachochekesha ni kwamba hata kwa hesabu ya biashara ni ujinga. InterContinental pale katikati ya jiji ilifungwa 2020. Hilton ikafuata. Ofisi nyingi na mikutano imehamia Westlands na Upper Hill. Hoteli zilizobaki tao zinalia wateja, halafu zinamfukuza mtu aliyeleta pesa yake mkononi. Mfanyabiashara wa leo Nairobi anaweza kuwa dem wa miaka 22 anayeuza nguo mtandaoni, au msee wa hudi anayeandikia kampuni ya Ujerumani programu akiwa Kayole. Laptopu iko ndani ya ule mkoba mnaouogopa. Anataka meza, soketi, waifai na chai ya maziwa kwa saa tatu, na atalipa. Lakini ukimweka kando mara moja harudi, na anaambia mbogi yote.

Sasa nirudi kwangu, maana kidole kimoja kikielekea kwao vitatu vinaelekea kwangu. Sisi watu wa kontenti ndio tumefanya hii kitu iwe rahisi. Tunalala bure, tunakula bure, tunasema "kila mtu." Hatuwaambii kwamba tulilipiwa. Tunapiga picha ya bafu na kuiita ukweli. Mathe wangu alivaa sweta ya kanisani kwa sababu ya video yangu. Mimi ndiye nilimpeleka akasimamishwe kando. Hiyo siwezi kumlaumu meneja yeyote.

Kwa hivyo kuanzia leo, hapa kwangu, mambo ni haya. Nikipewa kitu bure, nitasema sekunde ya kwanza, si kwa maandishi madogo mwishoni. Na hoteli yoyote nitakayoipima, nitaenda kwanza bila kujitambulisha, na pesa yangu, nikiwa nimevaa hivi nilivyo. Nitaangalia mambo manne kabla sijagusa kitanda. Je, aliye mbele yangu amekaguliwa sawa na mimi? Je, nimeulizwa "nikusaidie na nini" au "unaenda kwa nani"? Je, bei ya chai imeandikwa mahali naweza kuiona kabla ya kukaa? Na je, mfanyakazi wa pale anaweza kumleta mzazi wake bila aibu? Hilo la mwisho mwulizeni weita polepole akileta bili. Uso wake utawajibu kabla ya mdomo.

Hoteli ikifeli hapo, hata kama bafu ni la dhahabu, kwangu ni nyota sufuri. Chumba kizuri ni kitanda tu. Hoteli inaanzia mlangoni.

Niliahidi kusema kwa nini sitaji jina. Sababu ya kwanza, nikitaja, kufikia Jumatatu yule soja hana kazi, meneja ametoa barua ya pole, na mchezo umeisha. Sababu ya pili ni nyinyi. Kama umesoma mpaka hapa ukajiambia "hii naijua", na rafiki yako naye amesoma akafikiria hoteli nyingine kabisa, basi jina lingesaidia nini?

Ile video nimeishusha. Mathe nimemwambia. Akaniuliza kama sasa hawatanialika tena. Nikamwambia ndio, hawatanialika.

Akasema, "Basi ni sawa. Ukija nyumbani nitakupikia chai."